Mti wa biichi uani kwako: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Hii ni kwa Waswahili wenzangu mlionunua nyumba huku mashariki mwa Marekani au Kanada, ukahamia ukakuta uani kuna mti mkubwa wa kijivu wenye gome laini na hujui uufanyeje, au unataka kupanda mmoja uwape kivuli watoto na wajukuu. Maswali haya ndo yale yale yanayorudiwa kila mwaka, simu zikianza kulia mwezi wa tano basi najua ni biichi. Nimeanza na mepesi, mazito yako chini. Ila kama majani ya mti wako yana michirizi myeusi usisome kwa mpangilio, nenda moja kwa moja sehemu ya magonjwa.

## Kuujua mti wenyewe

Biichi ni mti gani na nitautambuaje?

Hapa tunaongelea biichi ya asili ya huku, kitaalamu Fagus grandifolia. Msitu wake unaanzia Nova Scotia kule Kanada, unashuka mpaka kaskazini mwa Florida, magharibi unafika Wisconsin na mashariki mwa Texas. Ukienda kununua uliza "American beech", jina lingine hawatakuelewa.

Angalia gome kwanza. Miti mingi ya huku ikizeeka gome linapasuka pasuka linakuwa na magamba, biichi hata ikiwa na miaka 200 gome lake linabaki laini, jembamba, rangi ya kijivu cha majivu. Jani lina urefu wa inchi 3 mpaka 5, mishipa imenyooka sambamba na kila mshipa unaishia kwenye kijino kimoja pembeni. Na kipindi cha baridi angalia matumba: ni marefu karibu inchi nzima, membamba, yamechongoka kabisa. Ukishayaona mara moja hutayachanganya na ya mti mwingine.

Kuna tofauti gani na biichi ya Ulaya?

Ile ya Ulaya, Fagus sylvatica, ndo inauzwa sana kwenye vitalu, hasa yenye majani ya zambarau au yanayoning'inia chini. Jani lake ni dogo kidogo na pembeni lina mawimbi badala ya meno. Ni mti mzuri na unavumilia mjini kuliko wa asili, siwezi kusema uongo. Lakini kama lengo lako ni ndege, vipepeo na wanyama wa eneo lako wapate chakula walichokizoea, chukua wa asili. Matunzo karibu yote humu yanafaa kwa yote miwili, na ugonjwa wa majani (nimeueleza chini kwenye sehemu ya magonjwa) unaishika yote miwili.

Unakua kwa kasi gani?

Taratibu. Mwaka mzuri futi moja, mara nyingi chini ya hapo. Ukiwa peke yake kwenye uwanja unafika futi 50 mpaka 80 kwenda juu na matawi yanaweza kutanda karibu hivyo hivyo kwa upana, msituni unarefuka zaidi. Njugu unaanza kutoa ukiwa na miaka kama 40, na unaweza kuishi miaka 300 na kuendelea. Kwahiyo anayetaka kivuli cha kukalia miaka mitano ijayo huu sio mti wake, na anayepanda biichi ajue anampandia mtu mwingine kabisa. Ndo maana ukiukuta tayari umekomaa uani kwako uutunze kwa nguvu zote, hiyo ni kazi ya miaka mia ambayo hela hainunui.

Majani yamekauka lakini winta nzima hayaanguki. Umekufa?

Hapana, hiyo ni tabia yake. Biichi changa na matawi ya chini ya biichi kubwa yanashikilia majani makavu mpaka matumba mapya yafunguke mwezi wa nne au wa tano. Mwanzo yanakuwa rangi ya shaba, baadae yanapauka kama karatasi. Kama una wasiwasi kwaruza kijitawi kidogo kwa ukucha, chini ya ngozi kukiwa na kijani mti uko hai.

Njugu zake zinaliwa?

Zinaliwa. Zinakuja mbili mbili ndani ya ganda lenye miiba laini, kila njugu ina pembe tatu, ganda linajifungua lenyewe kuanzia mwezi wa tisa. Zikaange kidogo kwanza, mbichi ukila nyingi tumbo litakusumbua. Usitegemee mavuno kila mwaka, miaka mingine ni maganda matupu tu, afu unakuja mwaka mmoja chini pote pamejaa. Kindi, bata mzinga wa porini na dubu wanazitegemea sana. Zamani kulikuwa na njiwa wa huku waliokuwa wanaruka kwa mabilioni wakifuata misitu ya biichi na mialoni, wakawindwa na misitu ikakatwa mpaka wakaisha kabisa, wa mwisho, jike aliyeitwa Martha, alikufa 1914 kwenye bustani ya wanyama ya Cincinnati.

## Kupanda

Kwa hali ya magonjwa ya sasa hivi, nipande kweli?

Hili swali nalijibu kwa uwazi maana wauzaji wengi hawalisemi. Kama unaishi eneo ambalo ugonjwa wa majani umeshafika, yaani sehemu kubwa ya Ohio, Pennsylvania, New York, New Jersey, Connecticut, Massachusetts na majirani zao, miti michanga ndo inakufa haraka zaidi. Kwa maoni yangu huko usipande mpya isipokuwa uko tayari kuitibu kila mwaka, hiyo nguvu na hela uielekeze kwenye biichi kubwa uliyonayo. Ugonjwa ukiwa haujafika kwenu panda, ila nunua mche uliooteshwa jimboni kwenu, usilete kutoka mbali. Uliza ofisi ya ugani ya chuo kikuu cha jimbo lako, kila jimbo la Marekani inayo, na wanajibu bure.

Nipande sehemu gani?

Udongo wenye kina, unaopitisha maji lakini haukauki kabisa, wenye tindikali kidogo, pH kati ya 5 na 6.5. Hautaki maji yaliyotuama, hautaki udongo ulioshindiliwa na matrekta ya ujenzi, hautaki chumvi ya barabarani. Kwenye mitaa mipya ambako kampuni ya ujenzi imekwangua udongo wote wa juu na kubakiza mfinyanzi mtupu, biichi itateseka, hapo panda kitu kingine.

Jua la kutwa nzima unalikubali na kivuli cha miti mingine unakikubali. Kaa mbali na nyumba angalau futi 30, mbali na waya za umeme, na mbali na mahali unapaki gari. Kabla ya kuchimba, kwa Marekani piga 811 siku chache kabla, ni bure, wanakuja kuweka alama mabomba na nyaya zinapita wapi. Kama mtaa wenu una chama cha wenye nyumba soma sheria zao kwanza, vingine vina orodha ya miti inayoruhusiwa.

Mche wa ukubwa gani, na nipande lini?

Mdogo. Najua unatamani ule wa futi 12 unaoonekana tayari ni mti, lakini biichi haipendi kuhamishwa, na mkubwa unakuwa umeacha nusu ya mizizi yake kule ulikotoka. Mche wa futi 2 au 3 kwenye ndoo unashika haraka, na baada ya miaka kadhaa unaweza kuupita ule mkubwa uliokaa unaumwa.

Panda mwezi wa tatu au wa nne kabla matumba hayajafunguka. Shimo liwe pana mara mbili au tatu ya ndoo lakini kina kisizidi kina cha mizizi. Tafuta pale shina linapopanuka kuingia kwenye mizizi, mara nyingi kitaluni limefukiwa na udongo, fukua kwa vidole mpaka ulione, hapo ndo pawe usawa wa ardhi au juu kidogo. Rudisha udongo ule ule uliochimba, usichanganye samadi wala mbolea shimoni. Mwagia maji, weka matandazo ya vipande vya mbao au majani kina cha inchi 2 mpaka 3, yasiguse shina. Zungushia wavu, gome ni jembamba, sungura wanalitafuna.

Naweza kuotesha kwa mbegu?

Unaweza na watoto wanapenda. Okota njugu zilizoanguka mwezi wa tisa au wa kumi, zitie kwenye maji, zinazoelea tupa ni tupu. Zilizozama zichanganye na mchanga wenye unyevu kwenye mfuko, weka friji, sio friza, kwa miezi mitatu hivi. Bila hiyo baridi hazioti. Ukiona kimzizi cheupe kinachungulia panda kwenye chungu kirefu, afu weka wavu juu maana kindi hawakuachii hata moja.

Nimwagilie kiasi gani?

Miaka miwili mitatu ya mwanzo ndo ya kuuangalia. Kipimo kinachotumika sana ni galoni 10 kwa wiki kwa kila inchi moja ya unene wa shina, mvua ikinyesha vizuri unaacha. Mwaga taratibu, fungua bomba kidogo liachie chini lisaa lizima, kunyunyizia dakika tano juu juu ni kulowesha majani tu. Mti mkubwa hauhitaji, isipokuwa ukame ukipita wiki tatu nne mfululizo, hapo na wenyewe unapata shida kwa sababu mizizi yake iko juu juu. Ukiusaidia wakati huo utaona faida mwaka unaofuata.

## Kutunza mti uliokomaa

Nyasi hazioti chini yake, nifanyeje?

Uache kuzilazimisha. Kivuli cha biichi ni kizito na mizizi midogo midogo imejaa inchi chache za juu za udongo, inachukua maji yote. Watu wanaleta udongo mpya, wanatifua, wanapanda mbegu, wanaweka mbolea ya nyasi na dawa ya magugu, zinaota mwezi mmoja zinakufa, mwaka unaofuata wanarudia. Kila ukirudia umekata mizizi na umepitisha mashine juu yake. Biichi nyingi za mjini nilizoona zinakauka juu hazikuanza na mdudu, zilianza na mtu anayependa nyasi.

Acha majani yake yenyewe yakae chini. Yanaoza pole pole, yanatunza unyevu, na uwanja unapendeza ukizoea macho. Ukitaka kijani weka jimbi za asili na maua ya msituni yanayotoka mapema kabla mti haujafunga kivuli, tumia miche midogo kabisa, kila mmoja kishimo cha kijiko, ukigonga mzizi sogea pembeni.

Mizizi imetokeza juu inakwaza watu. Naweza kuifukia?

Usiifukie. Kuna familia moja ya kwetu walijenga ukingo wa mawe mzuri kuzunguka biichi yao, wakajaza udongo futi moja na nusu, wakapanda maua, miaka miwili mitatu baadae matawi ya juu yakaanza kukosa majani na mti haukurudi tena. Mizizi inapumua, ukiongeza hata inchi 4 za udongo umeinyima hewa, na shina likifunikwa gome linaoza. Kuikata nayo hapana. Weka matandazo mepesi inchi 2 juu yake na njia ya kupita watu uihamishie pembeni.

Kuna vijiti vingi vinachipua kuzunguka mti, ni mbegu au nini?

Vingi ni machipukizi ya mizizi, ni mti ule ule unajizalisha. Msituni vinakuwa kichaka. Ukiwa huvitaki kata kwa mkasi usawa wa ardhi kila mwaka, usiving'oe kwa nguvu, na tafadhali usipulizie dawa ya kuua magugu kwa sababu dawa inasafiri kwenye mzizi mpaka kwa mama yao. Ukiwa na nafasi acha viwili vitatu.

Mbolea?

Kwa kawaida hauhitaji. Pima udongo kwanza kupitia ofisi ya ugani, gharama ni ndogo. Kama majani yanakuwa njano huku mishipa imebaki kijani, inawezekana pH iko juu mno, mara nyingi ni kwa sababu ya chokaa iliyomwagwa kwa ajili ya nyasi au vifusi vya saruji vilivyofukiwa. Hapo mbolea haitasaidia, tatua pH.

Nipogoe lini na kiasi gani?

Kidogo uwezavyo. Matawi makavu na yanayosuguana, mwishoni mwa baridi kabla haujachipua. Yale matawi ya chini yanayokaribia kugusa ardhi yaache, yanalifunika shina, gome la biichi likizoea kivuli afu ghafla likapigwa na jua linaungua na kupasuka. Na usikubali kabisa mtu akuambie anaukata kichwa ili usianguke. Biichi haizibi vizuri majeraha makubwa, kila kidonda kikubwa ni mlango wa kuoza.

Watoto wanataka bembea, na vijana wanachora majina.

Kamba iliyofungwa kuzunguka tawi inalikaba kadiri tawi linavyonenepa, na ikisugua inakula gome. Kama lazima, mlete mtaalamu atoboe tawi nene aweke bolti ya kudumu, kidonda chake ni kidogo kuliko kamba. Kuchora majina ndo mwiko. Gome hili halibadilishi ngozi, ulichochora kinabaki hapo hapo mpaka mti ufe, na kinapanuka. Waeleze watoto, wakielewa wanakuwa walinzi wazuri kuliko uzio.

Chumvi ya kuyeyusha barafu inadhuru?

Sana. Weka mchanga kwenye njia ya gari inayopita karibu na mti, na theluji yenye chumvi usiirundike juu ya mizizi.

## Magonjwa na wadudu

Majani yana michirizi myeusi katikati ya mishipa. Ni nini?

Simama chini ya tawi mchana, nyanyua uso uangalie jani likiwa kati yako na mwanga. Kama kati ya mshipa na mshipa kuna mikanda ya kijani kizito inayokaribia weusi, imenyooka kufuata mishipa, na ukilishika jani hapo ni gumu kama ngozi, huo ndo ugonjwa wa majani ya biichi. Ukiangalia kwa juu tu unaweza usiuone mapema, ndo maana nasema angalia kwa chini.

Uligunduliwa 2012 kaunti ya Lake, Ohio, karibu na Cleveland, na umesambaa kwa kasi kuelekea mashariki mpaka New England, umeingia Ontario, na umeshuka mpaka Virginia. Unasababishwa na minyoo midogo sana isiyoonekana kwa macho, Litylenchus crenatae mccannii. Minyoo hawa wanakaa kipindi chote cha baridi ndani ya matumba, kwahiyo jani linakuwa limeshaumia kabla hata halijafunguka. Mwisho wa kiangazi mpaka vuli wanatoka kwenye majani, mvua ikiwasaidia, wanaingia kwenye matumba mapya. Mwaka wa kwanza utaona majani machache, miaka inayofuata majani yanajikunja, matumba yanakufa, mwanga unaanza kupenya pale palipokuwa na kivuli kizito. Miche inaweza kufa ndani ya miaka michache, mti mkubwa unavumilia zaidi lakini unadhoofika kila mwaka.

Ukiuona piga picha kwa chini, itume ofisi ya misitu ya jimbo au ofisi ya ugani, taarifa zenu ndo zinawasaidia kuchora ramani. Na usihamishe miche wala matawi kutoka hapo kwenda kwingine.

Una dawa?

Dawa ya kuumaliza moja kwa moja haipo, ila kuna matibabu yanayoupunguza na miti mingi imepata nafuu nayo, kwahiyo usikubali kuambiwa hakuna la kufanya ukate tu.

Kwa miti midogo kinachotumika sana ni fosfaiti ya potasiamu, inachanganywa na maji na kumwagwa kwenye udongo kuzunguka shina, inarudiwa kila mwaka. Kwa miti ambayo unaweza kufikia majani, wataalamu wanapulizia fluopyram katikati mpaka mwisho wa kiangazi, lengo ni kuwaua minyoo wakiwa bado kwenye majani kabla hawajahamia kwenye matumba. Kwa miti mikubwa kuna sindano ya thiabendazole kwenye shina, lakini sindano ni tundu, na nilishasema biichi haipendi vidonda, kwahiyo isiwe jambo la kurudia rudia ovyo. Sheria za nani anaruhusiwa kutumia nini zinatofautiana jimbo kwa jimbo. Tafuta mtaalamu wa miti mwenye cheti, muulize ameshatibu biichi ngapi, atumie dawa gani, mwezi gani. Akikuambia anakuja kupulizia mwezi wa kumi na mbili mwache.

Gharama inauma, najua wengi tunatuma hela nyumbani pia. Kama una miti mitano, chagua mmoja au miwili yenye afya na iliyo karibu na nyumba, tibu hiyo vizuri kuliko kugusa yote nusu nusu. Na matunzo ya bure, yaani maji wakati wa ukame, matandazo, kutokanyaga mizizi, yana uzito wake, mti wenye nguvu unahimili zaidi.

Kuna kitu kama pamba nyeupe kwenye shina.

Vidoa vidogo vyeupe vimetapakaa kwenye gome ni wadudu gamba walioingia Halifax, Nova Scotia, karibu mwaka 1890 kutoka Ulaya. Wao wenyewe wananyonya tu, shida ni kuvu wa aina ya Neonectria wanaoingia kupitia vidonda vyao, gome linavimba vimba, linapasuka, mwisho mti unavunjika katikati upepo ukipiga. Ukiwahi mapema chukua brashi laini na maji, sugua taratibu utoe ule weupe, mti wa uani unawezekana kabisa. Wakizidi mtaalamu atapaka mafuta maalum ya bustani. Huu ni ugonjwa tofauti na ule wa majani, ila mti mmoja unaweza kupata yote miwili.

Ukiona msituni biichi nyingi zimejaa vidonda na moja katikati yake ina gome safi kabisa, usiikate hata kama inakuziba. Kuna miti michache yenye kinga ya asili dhidi ya wadudu hawa, na wataalamu wanaitafuta ili wapate mbegu.

Kijitawi kimejaa wadudu weupe wenye manyoya, nikigusa wote wanacheza!

Hao ni vidukari wa biichi na hawadhuru mti uliokomaa. Mwisho wa kiangazi wanajazana kwenye tawi, kila mmoja amebeba manyoya meupe ya nta mgongoni, ukitikisa tawi kidogo wote kwa pamoja wananyanyua nyuma na kuitikisa kushoto kulia, tawi zima linatetemeka. Wanafanya hivyo kutisha maadui. Waite watoto waje waone.

Chini yao utakuta tonge jeusi kama sponji limeshikilia tawi au limemwagika kwenye viti vya uani. Ni kuvu anayekula maji ya sukari wanayodondosha, hana madhara kwa mti. Wakikukera wapige na maji ya bomba kwa nguvu, dawa ya sumu haina haja.

Vijiti vya kahawia visivyo na majani vimeota chini ya mti, ni uyoga?

Ni mmea mdogo, Epifagus virginiana, unaonyonya kwenye mizizi ya biichi tu na hauishi kwingine. Unachochukua ni kidogo mno. Angalia kwa karibu mwezi wa tisa, una vijiua vyenye mistari ya zambarau. Uache.

Majani yanakauka pembeni mwezi wa nane.

Mara nyingi ni ukame au joto. Rudi kwenye swali la umwagiliaji, na hakikisha hakuna michirizi ya aina niliyoeleza juu. Kama ni upande mmoja wa mti tu, kumbuka ni nani alichimba upande huo mwaka huu au uliopita.

## Mambo yanayojitokeza mara chache

Jirani anajenga na kuchimba karibu na biichi yangu.

Ongea naye mapema, kabla mashine haijafika. Kadirio la chini la eneo la kulinda ni futi moja kutoka kwenye shina kwa kila inchi ya unene, yaani shina la inchi 24 linataka futi 24 kila upande, na kwa biichi ukiweza ongeza. Weka uzio wa muda wa kweli, utepe peke yake madereva hawauheshimu. Madhara ya mizizi kukatwa yanaonekana baada ya miaka, wakati fundi ameshalipwa na kuondoka.

Shina lina tundu kubwa, ni hatari?

Inategemea. Biichi nyingi za zamani ziko wazi ndani na zimesimama miaka mingi, bundi na kindi wanaishi humo. Kinachotisha ni ufa mpya, uyoga mgumu unaoota chini ya shina, au udongo unaonyanyuka upande mmoja upepo ukivuma. Ukiona kimojawapo na mti unaelekea chumba cha kulala, usisubiri, leta mtaalamu apime, na asiwe yule anayelipwa kwa kukata tu. Usijaze tundu saruji, wazee wa huku walifanya hivyo zamani na iliharibu.

Kulungu wataumaliza?

Biichi sio chaguo lao la kwanza, wanakula mwaloni na mepo (maple) kwanza. Mche mdogo bado uzungushie wavu, na madume wanasugua pembe kwenye mashina membamba kipindi cha vuli.

Naweza kupeleka mbegu nyumbani Kenya au Tanzania?

Usibebe kwenye sanduku. Mbegu kutoka nje zinahitaji kibali cha mamlaka ya afya ya mimea, Kenya ni KEPHIS na Tanzania ni TPHPA, na mti huu unahitaji baridi kali ya miezi ili uchipue vizuri, hautafurahi Morogoro wala Kisumu. Kwenye kiwanja cha nyumbani panda mkwaju, mvule au mringaringa, ni miti ya huko na inatoa kivuli cha maana.

Wangu umekufa kabisa. Nipande nini hapo?

Kama hauelekei nyumba, barabara wala uzio wa jirani, mwambie mkataji apunguze matawi abakize shina la futi 10 au 15, vigogota na wadudu watalitumia miaka mingi. Machipukizi ya mizizi yakitokea usiyakate yote, chunguza majani yake kila mwezi wa sita uone kama lipo linaloonekana safi kuliko mengine, likiwepo lilinde na utoe taarifa.

Pembeni yake, sio juu ya kisiki, panda mwaloni mweupe wa huku, Quercus alba, ukiwa na nafasi kubwa. Nafasi ikiwa ya kati tafuta Nyssa sylvatica, majani yake vuli yanawaka mekundu na ndege wanapenda matunda yake. Utaratibu wa kupanda ni ule ule wa juu, mche mdogo, shimo pana, shina lisifukiwe.